Machozi ya Mtakatifu Agustino

Wasomaji wapenzi, desturi ya vilio vyetu mnaijua. Mtu akifa, jirani hukusanyika. Wanaume huketi uani kando ya moto, wanawake huketi juu ya mikeka karibu na mama mwenye kufiwa. Katekista huongoza rozari, wanakwaya huimba, na usiku huwa mrefu. Tena katika kila kilio hapakosekani mtu mmoja anayejiona ana neno la kumtuliza mwenye msiba.

Miaka michache iliyopita mtu huyo tulikuwa sisi wenyewe. Mama mmoja wa parokia yetu alifiwa na mwanawe wa miaka 11, mwanafunzi mwema, mtumishi wa Misa. Homa ilimshika siku ya Jumatatu, na Alhamisi alikuwa amekwisha kufa. Mama yule alilia kwa sauti kubwa, akijitupa chini, akimwita mtoto kwa majina yake yote. Tukamwinamia, tukamwambia: «Mama, nyamaza. Mkristu halii kama mpagani. Mtoto alibatizwa, yuko kwa Mungu. Au wewe huamini?»

Akanyamaza. Mara moja, kama taa inavyozimwa. Watu waliokuwa karibu walitusifu, na sisi, tuseme kweli, tulifurahi kwamba neno letu lilikuwa na nguvu hivyo. Hakulia kaburini. Hakulia siku ya kumaliza matanga. Aliendelea kuja Misa kila Dominika, lakini aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, wala hakuimba tena.

Ilipita miezi minne. Siku moja mume wake alitungoja nje ya kanisa, akatueleza mambo mawili. La kwanza: mke wake halali usiku, chakula hakina ladha kinywani mwake, akiulizwa jambo hajibu. Alipombembeleza sana, alisema: «Nililia, nikaambiwa sina imani. Basi labda sina.» La pili lilikuwa baya zaidi. Wifi zake walikuwa wameanza kunong'ona kisimani na sokoni, wakisema kwamba mama asiyemlilia mwanawe bila shaka anajua kilichomwua. Ninyi mnaoishi huku kwetu mnajua maneno ya namna hiyo huishia wapi.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumechomwa moyoni. Ndiyo maana tulifungua tena kitabu ambacho tulikisoma zamani shuleni, tukakipita haraka kama wanafunzi wanavyofanya: Maungamo ya Mtakatifu Agustino. Leo tungependa kuwasimulieni tuliyoyakuta mle, kwani kati ya watakatifu wote hatumjui mwingine aliyechunguza machozi yake mwenyewe kwa bidii kama mtu huyu.

Agustino alikuwa mwana wa Afrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, unaoitwa leo Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Mama yake Monika alikuwa Mkristu, lakini mwanawe hakubatizwa utotoni. Alipata elimu nyingi, akawa mwalimu, na kwa muda wa miaka tisa hivi alifuata mafundisho ya Mani, yaliyochanganya jina la Kristu na hadithi nyingi za ajabu juu ya nuru na giza.

Wakati huo, alipokuwa akifundisha katika mji wake wa kuzaliwa, alikuwa na rafiki wa umri wake. Walikua pamoja, walikwenda shule pamoja, walicheza pamoja. Jina lake Agustino hakuliandika. Rafiki huyo akapatwa na homa kali, akazimia, na jamaa yake wakambatiza akiwa hajui lolote. Alipopata nafuu kidogo, Agustino alifanya mzaha juu ya ubatizo ule, akidhani kwamba watacheka pamoja kama zamani. Lakini mgonjwa alimtazama kama adui, akamwonya asiseme tena vile akitaka kubaki rafiki yake. Baada ya siku chache homa ilirudi, akafa. Agustino hakuwapo.

Sasa sikilizeni jinsi anavyosimulia huzuni yake. Tunaieleza kwa maneno yetu. Kila alichokitazama kilikuwa kifo. Mji wa kwao ukawa adhabu, nyumba ya baba yake ikawa mahali pa mateso. Macho yake yalimtafuta rafiki kila mahali, akachukia mahali pote kwa sababu hayumo, na kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kumwambia: «Ngoja, yuaja,» kama ilivyokuwa zamani rafiki alipochelewa kurudi. Alichoka kuishi, na papo hapo aliogopa kufa. Akawa fumbo kwake mwenyewe: aliiuliza roho yake kwa nini ina huzuni hivi, nayo haikujua la kumjibu.

Halafu anasema jambo ambalo tumelifikiri siku nyingi. Alijaribu kuiamuru roho yake imtumainie Mungu, nayo ikakataa kutii. Tena, anasema, ilikuwa na haki kukataa! Kwa maana rafiki aliyekufa alikuwa mtu kweli, na mungu yule ambaye Agustino alimjua wakati huo alikuwa kivuli tu cha mawazo. Huwezi kuegemea kivuli. Basi alibaki na machozi tu. Ndiyo peke yake yaliyokuwa matamu kwake, yakikaa mahali pa rafiki. Mwishowe aliuhama mji, akaenda Kartago, ili macho yake yasimtafute rafiki mahali yalipozoea kumwona.

Msomaji atasema: Vema, ndiyo huzuni ya mtu asiye na imani. Alipoongoka alipona.

Hivyo ndivyo tulivyofikiri na sisi. Tufunue basi kurasa za mbele.

Agustino alibatizwa mjini Milano na Askofu Ambrosi, usiku wa Pasaka mwaka 387, pamoja na mwanawe Adeodato na rafiki yake Alipio. Monika alikuwa amemfuata mwanawe kuvuka bahari, akimwombea kwa machozi miaka mingi. Sasa alikuwa amepata alichokitaka. Mwaka uleule walishika njia ya kurudi Afrika, wakafika Ostia, bandari ya Roma, wakingoja meli. Pale Monika alishikwa na homa. Mwanawe mwingine, Navigio, alitamka kwamba ingekuwa heri afe katika nchi yake, si ugenini. Mama akamtazama kwa kumkemea, akawaambia wote wawili wauzike mwili wake popote, wasijisumbue. Aliwaomba jambo moja tu, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Siku ya tisa ya ugonjwa wake alifariki, katika mwaka wake wa 56.

Agustino aliyafumba macho ya mama yake. Anasema huzuni kubwa iliujaa moyo wake, ikataka kumwagika kwa machozi. Lakini kwa amri kali ya akili aliyarudisha machozi ndani, mpaka macho yakakauka. Adeodato, kijana tu, alipaza sauti na kulia. Wote wakamkanya, akanyamaza. Walifikiri kwamba haifai kumlilia mama huyu kwa sauti, kwa maana kilio cha namna hiyo ni cha watu wanaodhani kwamba aliyekufa ameangamia. Evodio alichukua kitabu cha Zaburi, akaanza kuimba, na nyumba nzima ikaitikia. Agustino akaketi na wageni, akazungumza nao mambo yaliyofaa kwa saa ile. Wao walimwona mtulivu, wakadhani hana uchungu.

Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini. Adeodato aliyekanywa, Agustino aliyedhaniwa hana uchungu: ni yuleyule mama wa parokia yetu, na wale waliokanya ni sisi.

Lakini Agustino hakuishia hapo. Anakiri kwamba ndani alikuwa akipigana vita. Aliizuia huzuni, ikatulia kidogo, kisha ikarudi kama wimbi. Akachukizwa sana kuona mambo haya ya kibinadamu yana nguvu kiasi hicho juu yake, hata akawa na uchungu juu ya uchungu wake, akiteswa na huzuni mara mbili. Wasomaji wapenzi, shikeni neno hilo. Kuna huzuni ya kufiwa, na kuna huzuni ya pili, ya kuona haya kwa sababu una huzuni. Ya kwanza huletwa na kifo. Ya pili mara nyingi huletwa na sisi wenye maneno mazuri.

Wakamzika Monika, wakatoa sadaka ya Misa kwa ajili yake, na Agustino hakulia hata wakati wa sala zile. Akamwomba Mungu aiponye huzuni yake, Mungu hakuiponya. Akaenda kuoga, kwa sababu alisikia kwamba jina la Kigiriki la nyumba ya kuogea lina maana ya kufukuza masumbuko rohoni (walimu wa lugha hupenda mambo kama hayo!). Alioga, akatoka vilevile alivyoingia. Uchungu wa moyo haukutoka pamoja na jasho. Kisha akalala. Alipoamka aliona mzigo umepungua kidogo. Akiwa peke yake kitandani, alikumbuka beti za wimbo mmoja wa Askofu Ambrosi unaomshukuru Mungu kwa usingizi. Polepole yakamrudia mawazo ya mama yake: jinsi alivyokuwa mtaratibu mbele ya Mungu na mpole kwao. Hapo akayaachia machozi aliyokuwa ameyafunga. Anasema aliyatandika chini ya moyo wake kama kitanda, na moyo ukapumzika juu yake.

Hakulia muda mrefu. Sehemu ndogo tu ya saa moja. Lakini alipoandika habari hii, miaka kumi hivi baadaye, alikuwa askofu, na aliogopa kidogo kwamba atachekwa. Hivyo anamwomba msomaji atakayeona dhambi katika machozi yale asimcheke, bali, akiwa na mapendo, alie naye kwa ajili ya dhambi zake.

Hapo tumeona tofauti kati ya vilio viwili vya Agustino. Siyo kwamba asiye na imani alilia na mwenye imani hakulia. Wote wawili walilia. Lakini wa kwanza alilia mbele ya mungu wa kivuli, asiyeweza kumsikiliza, na machozi yake hayakuwa na pa kuangukia. Wa pili alilia mbele ya Mungu mwenye masikio. Imani haikuyakausha machozi, iliyapatia mahali.

(Kwa ajili ya wanafunzi tuongeze habari moja. Mwaka 1945 huko Ostia wavulana wawili walikuwa wakichimba shimo karibu na kanisa la Mtakatifu Aurea, ili kusimika mti wa mchezo wao. Wakakuta kipande cha jiwe chenye maandiko ya Kilatini. Wataalamu walipokisoma waligundua kwamba ni sehemu ya jiwe la kaburi la Monika. Masalia yake yenyewe yalikwisha kuhamishwa zamani. Yako Roma, katika kanisa lenye jina la mwanawe.)

Turudi kwenye neno tulilomwambia yule mama, maana lilikuwa na asili yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristu wa Tesalonike wasihuzunike kama wale wasio na matumaini. Watu wengi hushika nusu ya kwanza ya onyo hilo na kuisahau nusu ya pili. Agustino, alipokwisha kuwa askofu wa Hippo, aliwaeleza waamini wake kwamba Mtume hakukataza huzuni. Alikataza huzuni ya watu wasiotumaini kitu.

Tena kuna mfano mkubwa kuliko wa Agustino. Bwana wetu Yezu Kristu alipofika Betania, alijua kabisa atakalolifanya. Lazaro alikuwa karibu kutoka kaburini. Hakuna mwalimu wa dini, hata awe na elimu ya namna gani, anayejua habari za ufufuko kama Yeye alivyozijua saa ile. Na hata hivyo alipomwona Maria analia, na watu waliofuatana naye wanalia, alilia na Yeye. Kama kujua kungetosha kuondoa machozi, basi Yeye asingelia. Na katika bustani ya Getsemani hakuwaficha wafuasi wake kwamba roho yake imejaa huzuni hata kufa. Aliwaomba watatu wakeshe naye. Hakuwaomba maneno. Wao, twajua, walilala usingizi.

Labda mwanafunzi wa seminari atatuuliza: Je, akili haina kazi katika huzuni? Inayo, nayo Mtakatifu Tomaso wa Akwino ameifikiri vizuri. Padri huyu Mdominiko, aliyefariki mwaka 1274, ana sifa ya mtu mwenye akili kavu, wa vitabu na hoja. Nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipoona kwamba katika kitabu chake kikubwa cha teolojia ameweka swali zima juu ya dawa za huzuni. Anazitaja tano: jambo lolote la kufurahisha, machozi, huruma ya marafiki, kuitafakari kweli, na mwisho kulala na kuoga. Naam, kulala na kuoga! Na shahidi wake ni Agustino kule Ostia.

Juu ya machozi anasema kwamba kitu kinachoumiza huumiza zaidi kikifungiwa ndani, kwa kuwa roho hukikazia mawazo yake yote. Kikitoka nje, mawazo hutawanyika na maumivu hupungua. Juu ya marafiki anatoa sababu mbili. Ya kwanza, huzuni ni kama mzigo, na mtu akiona wengine wanahuzunika pamoja naye, huona kana kwamba wanamsaidia kuuchukua. Ya pili anasema ni bora zaidi: kwa huzuni yao anatambua kwamba anapendwa.

Wazee wetu walilijua jambo hilo bila kusoma Kilatini. Kwa nini watu huacha mashamba yao na kulala chini kwa mfiwa siku nyingi? Kwa nini wanawake huleta kuni na unga bila kuulizwa? Si wote wenye neno la kusema. Wanakuja kuchukua upande mmoja wa mzigo. Sisi wasomi wakati mwingine tumeyadharau mambo hayo, tukataka kuweka hotuba mahali pa mkeka.

Hatusifu kila kilio, msitufahamu vibaya. Kuna mtu anayelia ili aonekane, na akitoka uani machozi yamekauka kabla hajafika njiani. Kuna kilio cha pombe. Na kuna kilio kibaya kuliko vyote, kile kinachogeuka kutafuta mtu wa kulaumiwa: ni nani aliyemroga, ni nani aliyemla. Lakini tumeanza kuamini kwamba uchungu ulionyimwa mlango wake wa haki huvunja ukuta na kutokea mahali pengine. Zile nyumba zinazotafuta wachawi ni nyumba zenye uchungu mwingi.

Kwa walimu tuna neno fupi. Tomaso yuleyule anauliza kama uchungu unamwondolea mtu nguvu ya kujifunza, naye anajibu kwamba uchungu mkali huivuta roho yote kwake, hata mtu asiweze kujifunza jambo jipya. Basi mtoto aliyemzika baba yake juzi, akiketi darasani akitazama dirisha, si mvivu. Hatuhitaji kumwadhibu. Nchi yetu, na hasa upande wa mashariki, imeona vita miaka mingi. Kuna madarasa ambamo mwalimu akiuliza ni nani aliyefiwa, mikono mingi itainuliwa, na ya mwalimu mwenyewe pia.

Limebaki jambo moja tunaloogopa kuliacha. Kuna saa ambapo akili yenyewe inaugua, na hapo hata machozi na marafiki havitoshi. Louis Martin, fundi wa saa wa Alençon katika nchi ya Ufaransa, baba wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, alizika watoto wanne wadogo, kisha mwaka 1877 akamzika mkewe Zélie. Mwaka 1889, mwaka mmoja hivi baada ya Teresia kuingia monasteri, akili ya baba huyu ilikuwa imeharibika hata ikabidi apelekwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Alikaa huko miaka mitatu. Watu wa Lisieux walisengenya. Wengine walisema ni mabinti wake waliomtia wazimu kwa kumwacha na kwenda utawani. Teresia aliyasikia hayo, akateseka. Alifariki mwaka 1894. Na mwaka 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke kwa pamoja.

Basi asituambie mtu kwamba ugonjwa wa akili ni alama ya imani haba au ya mashetani. Una waganga wake wenye elimu. Mafrere wa Mapendo, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, wamewatunza wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi, na mjini Bukavu kituo cha SOSAME hufanya kazi hiyo. Kumpeleka ndugu huko si kumtupa.

Kwa sababu ya hayo tulimwendea kwanza sista mwuguzi, tukamweleza habari za yule mama. Alitusikiliza, akasema: «Nendeni mkamwombe radhi, kisha mnyamaze. Juma moja likipita naye bado halali, au mkisikia anasema habari za kufa, mleteni kwangu, msingoje.»

Tulikwenda jioni, pamoja na mama mmoja wa Legio ya Maria. Tulimkuta mlangoni akimenya maharagwe. Hakuinua kichwa. Tukamwambia: «Mama, siku ile ya kilio tulikukosea. Tulikukataza jambo ambalo Bwana Yezu mwenyewe alilifanya. Utusamehe.» Aliendelea kumenya. Yule mama wa Legio akaketi karibu naye, akachukua maharagwe kiasi, akaanza kumenya na yeye. Baada ya muda akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za shamba: «Mtoto alipenda nini?»

Mama alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kaye ya hesabu. Alitufunulia ukurasa wa mwisho: hesabu tatu zilikuwa zimefanywa, ya nne ilikuwa imeanzwa tu, na kando yake mtoto alikuwa amechora mpira. «Alipenda mpira,» akasema. «Na viazi vitamu vya kuchoma. Kila siku alikuwa akiuliza kama vipo.» Akataka kusema zaidi, asiweze. Kilio kilimtoka kwa sauti ileile ya siku ya kwanza, kana kwamba miezi minne haikupita.

Jirani waliruka ua kuja kuona kuna nini. Wifi yake mmoja, yule aliyenong'ona kuliko wote, alifika mbio, akasimama mlangoni, akatazama ile kaye. Akaanguka chini akamkumbatia, wakalia wote wawili, wakimwita mtoto kwa majina yake yote. Sisi tulinyamaza, na si rahisi kwa mtu aliyezoea kufundisha. Giza lilipoingia, yule wifi alijifuta uso kwa kitenge, akavuta bakuli la maharagwe, akamaliza kuyamenya, akaenda kuwasha moto.